Usitupe Mbachao kwa Msala Upitao



Huenda pembeni mwa nyumba yako, uwe Iringo mjini Musoma, au Bunda, au Butiama, ipo redio iliyonyamaza siku nyingi. Waiona takataka. Yafaa kabla hujaitupa uijue historia yake.

Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951. Redio za zama hizo zilikuwa masanduku mazito yenye vali za kioo, na zilikula umeme mwingi. Lakini mwezi Desemba 1947 wataalamu watatu wa Marekani, Bardeen, Brattain na Shockley, walikuwa wameshapata njia ya kufanya kazi ya vali kwa kitu kidogo mno, nacho ni transista. Kwa ajili hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Transista ndiyo iliyoiwezesha redio kunena kwa betri ndogo, hata katika kijiji kisicho na waya wa umeme. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, kikatengeneza betri na redio.

Tazama basi faida yake. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kuizunguka redio, wakijifunza juu ya maji safi, vyoo na malaria. Redio ya kikundi ikifa, mwalimu amekufa.

Kisha zikaja siku nzito. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 hadi 1979, fedha za kigeni zikaadimika na vipuri navyo vikaadimika. Katika hali kama hiyo fundi hana budi kuifungua redio iliyokufa ili aiponye iliyo hai. Huyeyusha risasi kwa chuma cha moto, akaing'oa transista bila kuivunja miguu, kisha akaipima kwa mita. Spika, transfoma na rezista zenye mistari ya rangi huweza kuishi miaka mingi. Kapasita zenye majimaji ndani ni kinyume chake: hukauka kwa uzee, na fundi mwenye busara haziamini mpaka azipime.

Lakini kazi hii, ndugu msomaji, ina masharti mawili.

La kwanza ni amana. Kifaa cha mteja si mali ya fundi. Anayechomoa kipuri kizima akatia kichovu, au anayeuza cha zamani kwa jina la kipya, ni mwizi, ijapokuwa mikono yake ina ufundi.

La pili ni kuilinda nafsi na jirani. Kapasita kubwa hubaki na umeme hata waya ukishachomolewa ukutani, na televisheni ya kioo kinene huweza kuhifadhi maelfu ya volti. Asiyejua asiifungue. Wala waya zisichomwe moto ili kupata shaba, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Risasi nayo hudhuru ubongo wa mtoto, kwa hiyo meza ya fundi isiwe mahali pa kuchezea watoto wala pa kulia chakula.

Leo ulimwengu umesahau adabu ya kutunza. Mwaka 2022 pekee wanadamu walizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo haikufika hata robo. Ndani yake mna shaba na dhahabu iliyochimbwa kwa jasho la watu, kisha ikatupwa jaani.

Basi irudie ile redio yako. Mpelekee fundi mwaminifu, umwulize: je, yaponyeka? Ikiwa haiponyeki, yaweza kuiponya nyingine? Ukipata jibu, ndipo utajua kama ulichotaka kukitupa kilikuwa takataka au mali.