Ampli nzito, ampli nyepesi, na masikio ya muzee

Kuna sentensi moja ya baba yangu iliyonifanya nisome historia kuliko kozi yoyote niliyofuata nikiwa auditwari. Tulikuwa nyumbani Mumosho, tunaangalia filme. Tele mpya ukutani, bafle mbili pembeni, zinatetemesha mpaka vikombe kabatini. Muzee akanigeukia: "Makelele miye niko nasikia. Maneno ya batu ndiyo siko nasikia."

Baba si mtu wa kudanganywa kwa mambo ya sinema. Miaka ya 90 alikuwa na chumba cha video: mabenchi, tele moja, kasete za VHS, na gurupe nyuma ya ukuta inanguruma toka saa kumi na mbili jioni. Yeye mwenyewe alikuwa anashika mikro na kufasiria filme kwa watu. Masikio yake yaliharibikia pale, kati ya gurupe na bafle. Kwa hiyo aliposema vile sikucheka. Nikaamua nitafute ampli ya kuendesha bafle tano, moja ikae katikati chini ya tele, juu katika filme za mpangilio huo maneno mengi ya waigizaji hupitia bafle ya katikati. Pesa ilikuwa ile niliyoweka pembeni miezi minane. Nikikosea, hakuna pesa ya pili.

Nikaenda soko la Kadutu pamoja na mjomba. Muuzaji mmoja akatuonyesha mbili. Moja nzito, unaibeba kwa mikono miwili kama mfuko wa simenti. Nyingine nyepesi, karibu kama kitabu. Mjomba hakusita: "Ampli ya kweli inalemea mkono." Na ile nzito ilikuwa imeandikwa mbele wati 1000, kwa herufi za dhahabu.

Hapa ndipo historia inaingia, juu mjomba alikuwa na haki, lakini haki ya mwaka wa 1975.

Lee de Forest alitengeneza lampu yake yenye nguzo tatu mwaka wa 1906, na kutoka pale sauti ndogo ikaweza kufanywa kubwa kwa umeme. Sinema za Marekani zilipoanza kutoa sauti, Don Juan mwaka wa 1926 na The Jazz Singer mwaka wa 1927, kumbi zenye mamia ya viti zilijazwa sauti na ampli za wati chache tu, makumi si mamia. Iliwezekana kwa sababu ya bafle zenyewe. Zilikuwa na umbo la tarumbeta kubwa, na tarumbeta inapoteza kidogo kuliko bafle za kawaida. Hesabu yake ni hii: bafle inayotoa desibeli 96 kwa wati moja na ile inayotoa 86 zinatofautiana mara kumi. Ya pili inataka wati 100 kufanya kazi ambayo ya kwanza inafanya kwa 10. Na ukiongeza nguvu ya ampli mara mbili unapata desibeli 3 tu, sikio linatambua kidogo sana. Mtu anayeacha ampli ya wati 50 kununua ya wati 100 amenunua desibeli 3. Mie nilikuwa sijui hilo mpaka mwaka jana, na nina diplome.

Tarehe 2 Agosti 1927, injinia Harold Black alikuwa kwenye ferry anavuka kwenda kazini New York, na wazo likamjia. Alichukua gazeti la New York Times alilokuwa nalo akachora juu yake: rudisha sehemu ndogo ya sauti inayotoka, ipinge ile inayoingia, na makosa ya ampli yatajisahihisha. Karibu kila ampli unayoisikia leo, hata ya redio ya muuza mikate, ina wazo lile ndani yake. Baadaye transista zikachukua nafasi ya lampu, na ndiyo enzi ya mjomba. Transista za ampli ile zinafanya kazi kama bomba la maji lililofunguliwa nusu: sehemu ya nguvu inakwenda kwenye bafle, sehemu inapotea joto. Inahitaji vyuma vya kupoza, na transfo kubwa ya shaba na chuma kulisha yote. Kwa hiyo uzito ulikuwa alama ya kweli. Ampli nyepesi wakati ule ilikuwa ampli ya uongo.

Lakini tuje kwetu. Bukavu, wakati wa Wabelgiji, ilikuwa na kituo cha Mapadri Weupe kilichoitwa Africa Films, kilichotengeneza filme za kuonyesha Wakongo. Katika maonyesho ya enzi ile, palikuwa mara nyingi na mtu anayesimama kando kufasiria filme katika lugha ya watu. Na vipaza sauti vya serikali viliitwa kwa Kifaransa "lance-voix", yaani kinachotupa sauti. Angalia jina: sauti ya mtu, siyo muziki, siyo besi. Ni vipaza kama hivyo ambavyo kundi la Konono No. 1 la Kinshasa, la muzee Mawangu Mingiedi, liliokota na kufunga kwenye likembe zao, na mikro walizochonga wenyewe kwa kutumia sumaku za magari. Dunia ikashangaa mwaka wa 2005 kana kwamba ni kitu kipya. Kwangu baba na mikro yake anatoka katika ukoo huo huo. Ampli ilikuja kwetu kwa ajili ya maneno. Besi ya kutetemesha vikombe ilifuata nyuma.

Sasa moto. Anayetoka mbali ataona aibu niliyo nayo mie kuandika hili. Ruzizi inatoka ziwa Kivu, karibu mita 1460 juu ya bahari, inateremka mpaka Tanganyika kwenye mita kama 770. Barraji ya kwanza, Ruzizi I, ilianza mwaka wa 1958. Ya pili, Ruzizi II, ilianza mwaka wa 1989, megawati 43.8, mali ya nchi tatu, Zaire ya wakati ule, Rwanda na Burundi, na iko hapa hapa Mumosho. Nilikulia karibu na maji yale. Na nyumbani kwetu nilisomea mitihani ya sekondari kwa taa ya petroli. Moto ulipokuja hatimaye, ulikuja mgonjwa: jioni, watu wote wakiwasha, niliupima kwa kipimo cha rafiki yangu depanere, volti 150 badala ya 220.

Shika hesabu hii, ndiyo iliyonisaidia kuchagua. Ampli ya transfo haina namna ya kujitetea. Volti zikishuka kwenye ukuta, zinashuka ndani kwa kiasi kile kile. Na nguvu inafuata mraba wa volti. 150 kwa 220 ni 0.68, mraba wake ni 0.46. Ampli ya wati 100 inakuwa chini ya wati 50 saa mbili usiku, saa ya filme. Wewe unaongeza sauti, ampli inafika mwisho wake, inakata vichwa vya mawimbi, na maneno yanakuwa kama mtu anayesema na chakula mdomoni. Ile mikato ndiyo inaunguza hata bafle ndogo za juu. Wengi wanasema bafle ziliungua juu ampli ilikuwa na nguvu mno. Mara nyingi ni kinyume.

Ampli nyepesi ni ya ukoo mwingine. Transista zake hazikai nusu wazi: zinafunguka kabisa au zinafunga kabisa, mara mamia ya maelfu kwa sekunde, na joto linalopotea ni kidogo. Wazo ni la zamani. Clive Sinclair wa Uingereza aliuza ya kujifungia mwenyewe mwaka wa 1964, X-10, na ilikuwa mbaya, transista za wakati ule hazikuwa na mbio za kutosha. Ilibidi wazo lingojee vifaa. Na nyingi za leo zinalishwa na kifaa cha umeme cha aina ya chaja ya kompyuta, kinachokubali kutoka volti 100 mpaka 240 na kutoa kile kile. Kwa mtu wa Mumosho, maandishi hayo madogo nyuma ya ampli yanashinda herufi za dhahabu za mbele.

Nikamwomba muuzaji ageuze ile nzito. Fuzibule ya nyuma: ampea 1. Volti 220 mara ampea 1 ni wati 220 zinazoweza kuingia kwa kudumu. Wati 1000 zitatoka wapi? Muuzaji akasema ni wati za muziki. Mjomba akanyamaza, halafu akasema, "Lakini iko nzito," kwa sauti ya mtu anayeaga.

Nilichukua nyepesi, tano kwa wati 40, na pesa iliyobaki nikaweka kwenye bafle ya katikati iliyo nzuri kuliko zote nne zingine. Sikununua bafle ya besi. Wadogo zangu walinuna wiki nzima. Stabilizatere nilinunua baadaye, si kwa sababu ya kushuka bali ya kupanda: moto ukirudi baada ya kukatika, unaweza kurudi na hasira, na ampli yoyote inaogopa hiyo.

Siku ya kwanza baba alichagua mwenyewe filme, moja ya zamani ya kivita, iliyotafsiriwa Kifaransa, aliyoifasiria kwenye chumba chake pengine mara thelathini. Kasete yake ya wakati ule ilikuwa ya Kiingereza, lugha asiyoijua. Alikaa mbele, mikono juu ya magoti. Hakuomba sauti iongezwe. Katikati ya filme, pale askari mzee anaposema na kijana kabla ya kufa, akaniashiria nisimamishe.

"Rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha. Akasikiliza tena, akatikisa kichwa.

"Kumbe ni baba yake. Miye batu nilikuwa naambia ni adui."