Clara Anahí: Mtoto Aliyetoweshwa

Katika mji wa La Plata, nchini Ajentina, mtaa wa 30, ipo nyumba ndogo ambayo matundu ya risasi yameachwa kutani kwa makusudi. Wakazi wake mwaka 1976 walikuwa Diana Teruggi, mwanafunzi wa fasihi, mumewe Daniel Mariani, mchumi, na binti yao Clara Anahí, aliyezaliwa tarehe 12 Agosti mwaka huo. Jirani aliyechungulia angeona sungura wa kufugwa tu. Nyuma ya vizimba hivyo palikuwa na ukuta wa uongo, na nyuma ya ukuta, mtambo wa kuchapia gazeti la Montoneros, kundi lililopambana na majenerali waliotwaa serikali tarehe 24 Machi.

Tarehe 24 Novemba, wanajeshi na polisi waliizingira nyumba na kuishambulia kwa saa kadhaa. Diana aliuawa pamoja na wenzake wanne. Daniel alikuwa Buenos Aires. Naye aliuawa mwezi Agosti 1977. Na mtoto? Bibi yake mzaa baba, María Isabel Chorobik de Mariani, mwalimu wa historia ya sanaa ambaye watu walimwita Chicha, aliambiwa kuwa kateketea. Maiti hakuonyeshwa. Wapo walioshuhudia baadaye kwamba kichanga kilitolewa mle kikiwa hai.

Wahispania wana kitenzi cha kutoweka ambacho, kama chetu, hakihitaji mtendwa: mtu hutoweka mwenyewe, mithili ya moshi. Waajentina walikivunja sarufi yake kwa uchungu wakasema, "walimtoweka." Kiswahili hakina haja ya kuvunja chochote, kwani kauli ya kutendesha inatosha: alitoweshwa. Silabi moja hiyo inamrudisha mtendaji aliyejificha. Pana aliyemchukua mtoto, pana aliyempokea, na pana aliyempa jina jingine.

Chicha hakungoja. Alikwenda mahakamani, kanisani, kwenye makao ya yatima. Kila mlango ulimrudisha. Mwaka 1977 alikutana na Alicia de la Cuadra, na wakiwa mabibi kumi na wawili wakaanzisha umoja uliokuja kujulikana kwa jina la Mabibi wa Plaza de Mayo. Swali lao liliwashangaza hata wanasayansi: ikiwa wazazi wote wawili wameuawa, je, damu ya bibi yaweza kumtambulisha mjukuu? Mwaka 1984 mtaalamu wa jenetiki kutoka Marekani, Mary-Claire King, alishirikiana nao kupata jibu, nalo likawa ndiyo. Mwaka 1987 sheria ikaunda hazina ya taifa ya kuhifadhi taarifa hizo za damu, ili mjukuu aweze kutambuliwa hata baada ya mabibi wote kufa. Mabibi hao hukadiria watoto walioporwa kuwa 500 hivi. Kufikia Julai 2025 walikuwa wamewatambua 140.

Clara Anahí hayumo. Chicha, aliyewaongoza wenzake hadi mwaka 1989, aliwashuhudia wengine wakiwakumbatia wajukuu waliokwisha kuwa watu wazima. Mkesha wa Krismasi wa 2015 ilitangazwa kuwa wake naye kapatikana. Magazeti yakaruka na habari hiyo duniani kote. Vipimo vya hazina ya taifa vikaonyesha kuwa yule mama aliyejitokeza hakuwa damu yake. Bibi alikuwa na miaka 92.

Miguel Etchecolatz, mkuu wa upelelezi wa polisi wa jimbo, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2006, kifo cha Diana kikiwa miongoni mwa makosa yake. Alifariki mwaka 2022 bila kusema mtoto alipelekwa wapi. Chicha alikuwa ametangulia, tarehe 20 Agosti 2018. Washairi wetu wana tanzia kwa aliyekufa na salamu kwa aliye safarini. Huyu hana fungu. Ikiwa yu hai, ni mwanamke aliyezaliwa Agosti 1976, anayeitikia jina ambalo mamaye hakumpa.