Linasimamaje? Historia ya Landrova ya Antwerpen na Safari ya Tervuren



Kila tukutanapo, kijitabu chetu hutenga kurasa chache kwa ajili ya historia. Humu zimekwisha kuandikwa habari za wazee wetu waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji, za ndugu waliobaki Kigoma, na za waliotawanyika baada ya waasi kuiteka Uvira mwezi Mei 1964. Mwaka huu kamati imeniagiza niandike habari za gari. Najua wako watakaotabasamu, kwani gari ni chombo, na chombo hakina ukoo. Namwomba msomaji asubiri kidogo. Gari hili limetugombanisha, likatupatanisha, na kesho, Mungu akipenda, litatupeleka mahali ambapo wengi wetu tumepapita kwa miaka mingi bila kusimama.

Gari lenyewe ni Landrova ya mwaka 1953, iliyounganishwa hapa Ubelgiji. Vijana wetu walilinunua kwa fedha za mfuko wa ukoo majira ya baridi yaliyopita, likaletwa likiwa juu ya gari jingine hadi banda la nyuma ya nyumba ya binamu yetu, mtaa wa Georges Henri, hapa Woluwe-Saint-Lambert. Lilikuwa na magurudumu manne, usukani, na kibati chenye jina Minerva. Mengine yote yalikuwa matumaini.

Jina hilo lina historia yake. Sylvain de Jong, Mholanzi aliyehamia Antwerpen, alianza kuunda baiskeli mwishoni mwa karne ya 19, kisha pikipiki, na baadaye magari. Katika miaka ya 1920 magari ya Minerva yalikuwa ya wafalme na matajiri, yakibeba mbele yake kichwa cha mungu wa kike wa Warumi wa kale. Mtikisiko wa uchumi wa miaka ya 1930 uliiangusha kampuni, wala haikurudia tena hadhi yake.

Landrova nayo ilizaliwa Uingereza kutokana na uhaba. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa akitumia jipu la Kimarekani lililobaki baada ya vita katika shamba lake huko Anglesey, akaona kwamba kampuni yake ingeweza kuunda gari la namna hiyo. Chuma kilikuwa kikigawiwa kwa vibali, hivyo bodi ikafanywa kwa aluminiamu. Gari likaonyeshwa hadharani Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Jeshi la Ubelgiji lilipotaka gari jepesi la kuendea porini, Minerva ilipata haki ya kuliunda. Kuanzia 1952 vipuri vilifika vipande vipande kutoka Solihull, vikaunganishwa Antwerpen. Bodi, hata hivyo, ilikuwa ya chuma cha Kibelgiji, na mabawa yake ya mbele yalikatwa kwa mteremko ulionyooka. Ndiyo alama ambayo mjuzi huitambua kwa mbali. Maelfu yaliundwa kabla kazi hiyo haijakoma katikati ya miaka ya 1950.

Kwetu Afrika ya Mashariki, Landrova haikuhitaji kutambulishwa. Ilikuwa gari la bwana shauri, la daktari, la misheni; baada ya uhuru ikawa gari la chama na la serikali mpya, na kuanzia miaka ya 1970 ikawa inaunganishwa Thika, nchini Kenya. Mtoto wa kijijini aliijua kwa mlio kabla hajaiona, na wazazi wake waliujua mlio huo kama habari: ama msaada umefika, ama amri.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza katika ukoo wetu. Shangazi yetu mkubwa, ambaye maneno yake hayapuuzwi, alisimama katika kikao cha Januari akauliza, "Mmetoa fedha za mfuko kununua gari la askari wa Mbelgiji? Mnataka tupande, tupigwe picha, tucheke?" Vijana walijibu kwamba ni chombo cha kihistoria. Yeye akasema, "Historia ya nani?" Kikao kikafungwa bila mwafaka.

Aliyelifungua fundo hilo ni Baba Mkubwa. Wengi mnamjua: alizaliwa 1936, akajifunza udereva Uvira, na tangu 1956 aliendesha Landrova ya ofisi moja ya serikali ya kikoloni. Alikuja huku baada ya vita vya 1996, akiwafuata wanawe. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kutusimulia kisa alichokisimulia Jumapili ile. Mama yake aliugua usiku, mwaka 1958. Gari lilikuwa limeegeshwa hatua chache kutoka mlangoni, lina petroli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Ruhusa haikuwamo. Alibisha kwa mkubwa wake, akaambiwa gari la serikali halibebi wenyeji. Wakambeba bibi kwa machela hadi zahanati, mwendo wa saa nne kwa miguu, na kulipokucha alikuwa amekwisha kukata roho. Asubuhi ile ile Baba Mkubwa alitakiwa kazini, akaliwasha gari, akaendesha.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nililitunza gari lile miaka minne, sikulipanda hata siku moja kwa haja yangu. Hili litengenezeni. Mimi nitawaonyesha." Shangazi akatikisa kichwa, akatoa sharti moja: likitengemaa, safari yake ya kwanza ya ukoo iwe Tervuren, kwenye makaburi ya wale saba. Sote tukakubali.

Sasa niseme jinsi kazi ilivyokwenda, maana wako ndugu wanaotaka kununua magari ya kale nao wasije wakarudia makosa yetu. Kosa la kwanza tulilifanya siku ya kwanza. Vijana waliweka betri mpya, wakasafisha platini na plagi, wakamimina petroli, na injini ikawaka. Shangwe zilipanda! Mmoja akaingiza gia, akalizungusha uani. Alipokanyaga breki, pedali ikazama mpaka sakafuni. Gari lilisimama kwa kugonga rundo la matairi ya zamani, nasi tukamshukuru Mungu kwa matairi hayo. Baba Mkubwa, aliyekuwa ameketi kitini na blanketi magotini, aliuliza kwa upole, "Mlitazama linakwendaje. Nani alitazama linasimamaje?"

Tangu siku hiyo swali lake ndilo lililopanga kazi. Breki za Landrova hii ni za ngoma katika magurudumu yote, na mafuta yake hupita katika njia moja tu itokayo silinda kuu. Bomba moja dogo likipasuka popote, magurudumu yote manne hukosa breki. Kwa hiyo hatukubahatisha: mabomba yote yalibadilishwa, pamoja na silinda kuu, silinda ndogo za magurudumuni na mipira yake, na hewa ikatolewa mpaka pedali ikawa ngumu. Breki ya mkono haishiki magurudumu, bali hushika shafti itokayo kwenye gia boksi, nyuma. Ni nzuri kwa kuegesha mlimani, lakini ukiivuta gari likiwa mbioni waweza kuvunja vyuma vya ndani.

Baada ya breki tuliingia chini. Chesisi ilipakwa rangi nyeusi nzito na mtu fulani wa zamani, nayo rangi ilikuwa imeficha mengi. Baba Mkubwa alimpa kila kijana nyundo ndogo akawaagiza wagonge na kusikiliza: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hunyamaza. Sehemu tatu zilinyamaza. Zilikatwa, na fundi mwenye ujuzi akaunga chuma kipya. Kisha tukafuata usukani na viungo vyake, springi za mabamba, na matairi. Matairi yalikuwa na meno mazuri kabisa, lakini mpira ulikuwa umepasukapasuka kwa uzee, tukayatupa yote.

Ndipo tukairudia injini. Ni ya petroli, ya silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,997, rahisi kueleweka na isiyopenda haraka. Palikuwa na jambo ambalo Baba Mkubwa hakulijua, kwa kuwa halikuwapo enzi zake. Tangu Januari 2017 petroli ya kawaida ya 95 hapa Ubelgiji huweza kuwa na asilimia 10 ya ethanoli, nayo hula mipira ya zamani. Mabomba yote ya petroli yakabadilishwa kwa yale yanayoistahimili. Rejeta ilizibuliwa, nyaya za umeme zilizochunika zikavutwa upya na kuwekewa fyuzi, na oili ikabadilishwa kila mahali: injini, gia boksi, diferensha zote mbili.

Gari kupita ukaguzi ni jambo moja, na kuaminika ni jambo jingine. Mara ya kwanza tulikataliwa, kwa kuwa lilivuta kushoto likifunga breki na taa moja ilitazama mbinguni. Tulirekebisha, tukarudi, tukapita, likapewa namba ya magari ya kale inayoanza na herufi O. Namba hiyo hairuhusu kulipeleka kazini au shuleni kila siku, wala hatukulinunulia hayo. Kisha Baba Mkubwa akaamuru kitabu. Kila safari iliandikwa: kilomita, oili iliyopungua, joto, sauti mpya. Na akakataza kubadilisha vitu viwili kwa siku moja, "kwa sababu likipona hamtajua dawa ni ipi." Tulianza kwa kuzunguka mtaa, kisha hadi kinu cha Lindekemale na kurudi, kisha hadi Kraainem, mwishowe kilomita 60 bila kuzima. Mara mbili lilituacha njiani, na mara zote mbili kitabu kilituonyesha sababu. Tangu mwezi wa tano halijatuacha.

Yabaki kueleza tuendako. Mwaka 1897, katika maonyesho ya Brussels, Mfalme Leopold II alileta watu 267 kutoka Kongo, akawaweka katika vijiji vya kuigiza huko Tervuren ili watazamwe. Barabara kuu ya Tervuren, tunayoipita kila tuendapo Montgomery au msituni, ilijengwa kwa ajili ya maonyesho hayo. Saba kati yao walifariki dunia: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yamo kando ya kanisa la Mtakatifu Yohana, Tervuren. Hawakuwa wa ukoo wetu. Lakini walipelekwa kwa chombo cha watu wengine, kwa haja ya watu wengine, na hakuna aliyewarudisha nyumbani.

Kesho saa tatu asubuhi tutakusanyika mbele ya ukumbi. Kutoka hapa hadi Tervuren ni kilomita 10 hivi, na Landrova itatangulia kwa mwendo wa pole, wengine tukifuata kwa magari yetu au kwa tramu namba 44 kutoka Montgomery. Kila familia ilete ua moja. Mbele atakaa Shangazi, ambaye amekubali kupanda, ingawa amesema hatacheka. Baba Mkubwa hataendesha. Macho hayaruhusu tena. Ila ameomba jambo moja, nalo limeingizwa katika kumbukumbu za kamati: ufunguo ukae mfukoni mwake mpaka dakika ya kuondoka, na yeye ndiye atakayeutoa.

 Wenye picha za wazee waliokuwa madereva, makuli na wapishi wa safari enzi zile, tafadhali waziwasilishe, ili kijitabu cha mwaka ujao kisiwe na historia ya magari peke yake.