Kuchunguza hitilafu za amplifaya ya valvu kwa gharama ndogo

TANGU enzi za bendi kama Them Mushrooms, iliyoundwa Mombasa mwaka wa 1972, hoteli za pwani zimewapa ajira wapiga gitaa wengi. Kwa msanii anayeishi Likoni, Kisauni au Changamwe, amplifaya ikizimika Ijumaa alasiri, malipo ya mwisho wa wiki huwa hatarini. Hata hivyo, hitilafu nyingi za amplifaya ya valvu hutokana na sehemu za bei ndogo, na huweza kutambuliwa bila kufungua kasha lake la chuma.

Valvu ni kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa. Ndani yake uzi hupashwa moto ili elektroni ziruke kuelekea bamba la chuma. Transista, iliyovumbuliwa mwaka wa 1947, iliziondoa valvu katika redio za nyumbani, lakini wapiga gitaa wengi hawajaziacha kwa sababu ya utamu wa sauti zake.

Hatari ya kwanza

Ndani ya kasha mna kapasita zinazohifadhi umeme wa volti 300 hadi 500, na huweza kubaki nao hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme huo unaweza kuua. Kwa hivyo, asiyefunzwa kazi hiyo afanye uchunguzi wa nje tu.

Aidha, amplifaya ya valvu isiwashwe kamwe bila kuunganishwa na spika. Transfoma inayopeleka sauti kwenye spika huweza kuungua, nayo ni miongoni mwa sehemu ghali zaidi.

Kwa chombo kilichonunuliwa ng'ambo, kibandiko cha nyuma kisomwe kabla ya lolote. Amplifaya ya Marekani iliyoundwa kwa volti 120 itaungua ikichomekwa moja kwa moja katika umeme wa Kenya wa volti 240.

Hatua za nje

Soketi ijaribiwe kwa taa au redio. Kisha ikaguliwe fyuzi iliyo ndani ya plagi, halafu ile iliyo nyuma ya amplifaya. Gitaa liunganishwe moja kwa moja kwa waya mwingine, bila vifaa vyovyote vya kati. Waya wa gitaa ndio huharibika mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Waya wa spika nao ubadilishwe, amplifaya ikiwa imezimwa.

Fyuzi iliyokatika hueleza mengi. Ikiwa uzi wake umekatika tu na kioo ni safi, huenda umechoka. Kioo kikiwa cheusi, umeme mwingi ulipita ghafla. Fyuzi mpya ya kiwango kile kile iwekwe mara moja tu. Ikikatika tena, kuna hitilafu ndani, mara nyingi katika valvu kubwa. Kufunga waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ni kukaribisha moto.

Kutazama valvu

Valvu zikiwaka rangi ya chungwa hafifu, uzi wake unapata umeme. Moja isiyowaka hata kidogo huenda imekufa au imelegea, jambo la kawaida kwa chombo kilichotikiswa ndani ya tuktuk au juu ya mkokoteni hadi kwenye feri. Doa la fedha ndani ya kioo likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo haifai tena.

Bamba la valvu kubwa likianza kuwa jekundu, amplifaya izimwe papo hapo. Mwanga wa samawati kwenye kioo, kwa upande mwingine, mara nyingi hauna madhara.

Ikiwa valvu zote zinawaka lakini hakuna sauti, swichi ya kusubiri itazamwe. Ikiwa nyuma kuna matundu mawili ya kuunganishia vifaa vya mwangwi, yaunganishwe kwa waya mfupi wa gitaa. Sauti ikirudi, kosa ni kutu au uchafu ndani ya tundu. Hewa ya chumvi ya pwani huleta tatizo hili mara kwa mara.

Kusikiliza

Kitufe cha sauti kirudishwe hadi sufuri. Mvumo ukitoweka, chanzo chake ni gitaa, waya au valvu za mwanzo. Ukibaki vile vile, mara nyingi ni kapasita zilizozeeka au valvu kubwa. Mkwaruzo unaosikika vitufe vinapozungushwa huashiria uchafu. Hupulizwa dawa maalumu ya kusafishia vifaa vya umeme, wala si mafuta ya taa au ya kupikia.

Kwa milio na miluzi, valvu ndogo zigongwe polepole kwa penseli ya mbao. Ile inayotoa kishindo kikubwa ndiyo ya kushukiwa. Amplifaya izimwe, ichomolewe na kuachwa ipoe, kisha valvu hiyo ibadilishane nafasi na nyingine ya namba hiyo hiyo. Kelele ikihama nayo, valvu ndiyo mbovu. Isipohama, kosa liko katika soketi yake au ndani zaidi.

Kwa njia hii, mwenye chombo hununua valvu moja badala ya seti nzima. Akumbuke kuwa 12AX7 na ECC83 ni aina moja yenye majina mawili. Akiba hiyo si haba, kwani viwanda vya valvu vilivyosalia ni vichache, hasa Slovakia, Urusi na China, na bei zilipanda mwaka wa 2022 baada ya vita vya Ukraine kuvuruga biashara hiyo.

Wakati wa kumwona fundi

Fyuzi inayokatika tena, bamba jekundu, harufu ya kuungua na mvumo usiokwisha ni kazi ya fundi. Vivyo hivyo valvu kubwa kama EL34 na 6L6, ambazo kwa kawaida hununuliwa kwa jozi inayolingana na kurekebishiwa umeme wake.

Fundi mwangalifu huiwasha amplifaya inayoshukiwa kupitia balbu ya kizamani yenye uzi, ya wati 60 au 100, kwani ya LED haifai. Balbu ikiwaka sana kisha ikafifia, hali ni ya kawaida. Ikiendelea kuwaka sana, kuna mahali umeme unapita ovyo.

Mteja naye aandike kila alichojaribu, alichosikia, na tatizo lilipoanzia. Karatasi hiyo humwondolea fundi saa za kubahatisha, na saa hizo ndizo mteja hulipia.