Bahasha Kutoka Pullman

Katika sanduku la bati chini ya kitanda changu mna bahasha kumi na tisa. Zote zilitoka Pullman, mji mdogo wa jimbo la Washington, Marekani, uliozungukwa na vilima vya mashamba ya ngano. Kaka yangu alisomea kilimo huko, katika Chuo Kikuu cha Washington State. Hakuwa mkimbiaji. Lakini kila baada ya miezi miwili mitatu alikata kurasa za gazeti la wanafunzi, The Daily Evergreen, akazikunja pamoja na karatasi za matokeo za idara ya michezo ya chuo, akazituma kwetu Nandi.

Mama hakujua kusoma, na mimi ndiye niliyekuwa darasa la juu kuliko wadogo zangu, kwa hiyo usomaji ulikuwa kazi yangu. Jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, nilikaa karibu na taa ya chemni nikamfasiria kwa Kinandi. Majirani walikuja kusikiliza. Redio ya Sauti ya Kenya ilitupa habari kwa sentensi mbili: fulani ameshinda, muda wake ni huu. Bahasha ilitupa mbio nzima.

Nilipokua ndipo nilipoelewa karatasi zile zilitoka wapi. Vyuo vya Marekani vina idara ya michezo yenye makocha, madaktari, wahasibu na ofisi ya habari. Kuna mtu anayelipwa mshahara ili mashabiki wajue kila kilichotokea uwanjani. Miaka ile alikaa kando ya uwanja na mashine ya kupiga chapa, akaandika aliyeshika nafasi ya kwanza na aliyeshika ya nane, kisha akayapigia simu magazeti kabla usiku haujaingia. Kabla ya msimu alitoa kijitabu chenye jina la kila mwanamichezo, kwao, somo analosoma na muda wake bora. Kazi hiyo ni ya zamani kiasi kwamba mwaka 1957 maofisa hao waliunda chama chao cha nchi nzima.

Kusoma matokeo yale kulihitaji kujifunza. Karatasi za mwanzo mwanzo zilizungumzia yadi na maili, nami nilipiga hesabu kwa kijiti mchangani nipate mita. Mbio za nyika nazo zilikuwa na hesabu yake: huchukuliwa nafasi za wakimbiaji watano wa kwanza wa chuo, zikajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Timu ikishika nafasi ya kwanza hadi ya tano inapata alama 15, na hakuna ushindi mkubwa kuliko huo. Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, ambacho mwaka uliotangulia kilitoa bingwa wa vyuo vyote, Mtanzania Suleiman Nyambui, kilishinda ubingwa wa taifa kwa alama 17. Nilipokuwa mwalimu niliwaandikia wanafunzi hesabu hiyo ubaoni ili waone timu ni nini.

Lakini chuo chetu sisi kilikuwa Pullman. Kocha John Chaplin aliwachukua vijana wa Kenya mmoja baada ya mwingine. Timu iliitwa Cougars, jina la mnyama wa jamii ya paka asiyepatikana Afrika, na Mama aliamua kwamba huyo ni chui tu. Mwaka 1977, mjini Helsinki, mmoja wa chui hao, Samson Kimobwa, alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 30.5. Bahasha ya msimu ule ilikuwa nene hata mkuu wa posta akamuuliza Baba kama tunatumiwa pesa.

Kisha ukaja mwaka 1978, na Henry Rono. Alikuwa mtu wa Nandi kama sisi. Tarehe 8 Aprili, huko Berkeley, California, alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 8.4, akapunguza rekodi ya dunia kwa sekunde nne na nusu. Yalikuwa mashindano ya kawaida ya vyuo, si Olimpiki wala ubingwa wa Ulaya. Tarehe 13 Mei, mjini Seattle, alivunja rekodi ya mita 3,000 za kuruka viunzi na maji: viunzi 28, madimbwi saba, dakika 8 na sekunde 5.4. Tarehe 11 Juni, Vienna, aliivunja ile ya Kimobwa ya mita 10,000, kwa dakika 27 na sekunde 22.5. Tarehe 27 Juni, Oslo, akakimbia mita 3,000 kwa dakika 7 na sekunde 32.1. Rekodi nne za dunia katika siku 81.

Nilizisoma habari hizo zikiwa zimechelewa, na hakuna aliyejali kuchelewa. Mzee mmoja jirani aliniomba nirudie Seattle mara tatu. Aliposikia kwamba ofisi ya chuo ilikuwa imeandika hata muda wa kila mzunguko, alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Watu hawa wanamhesabia mtoto wetu kama tunavyohesabu ng'ombe wanaporudi zizini." Alisema hivyo kwa heshima. Kwetu mtu hahesabu asichokithamini.

Hata hivyo, nimeishi miaka mingi na bahasha hizi na najua zilichoacha. Hazikuonyesha uchungu wa kijana ambaye nchi yake ilisusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, kisha ya Moscow mwaka 1980, asikanyage uwanja wa Olimpiki hata mara moja. Hazikueleza alivyojisikia mgeni aliyesikia kwamba Waafrika wana umri mkubwa mno kushindana na vijana wa Kimarekani, malalamiko yaliyozaa kanuni za umri. Na mwanafunzi akishamaliza miaka yake ya kushindania chuo, jina lake hutoka kwenye karatasi. Rono aliivunja tena rekodi yake ya mita 5,000 huko Knarvik, Norway, mwaka 1981, kwa dakika 13 na sekunde 6.2. Baadaye alipambana na pombe kwa miaka mingi, jambo alilolieleza mwenyewe hadharani bila kujificha. Habari za mashabiki humpenda mtu akiwa mbioni. Akikaa chini, anabaki na watu wake.

Lakini nami nisingejua pa kuanzia kumlilia bila karatasi zile. Ndizo zinazonionyesha kamba nzima ilivyosokotwa: Kimobwa wa Pullman akavunjiwa rekodi na Rono wa Pullman, na ile ya Rono ya viunzi na maji ikadumu miaka 11, hadi Peter Koech, naye aliyekuwa mwanafunzi wa Pullman, alipoivunja Stockholm mwaka 1989 kwa dakika 8 na sekunde 5.35. Rono alifariki Nairobi Februari 2024. Jioni ile nilitoa bahasha ya 1978, nikawasomea wajukuu Berkeley, Seattle, Vienna na Oslo, tarehe kwa tarehe.

Nilifundisha michezo shuleni kwa miaka 31. Niliona watoto wakikimbia peku kwenye nyasi zenye umande, wengine wepesi kuliko yeyote niliyewahi kumsoma kwenye bahasha. Miaka saba ya mwanzo sikuandika kitu. Nilipiga filimbi, nikatangaza mshindi, tukanywa chai, basi. Msichana mmoja aliyewashinda wavulana wote wa darasa lake katika mita 1,500 namkumbuka sura tu; muda wake sina, na mwaka wenyewe sina hakika nao. Hilo ni kosa langu, na haliwezi kurekebishwa.

Mwaka wa nane nilinunua daftari kubwa la jalada gumu. Nikaandika jina, kijiji, umbali, muda, hali ya hewa. Leo ninayo manane. Mwalimu unayesoma haya, saa unayo na kalamu unayo. Jumamosi hii watoto watakapokimbia, andika hata yule wa nane.