Swala tomi alipataje jina lake?

Baadhi ya majina ya swala humweleza mnyama mwenyewe. Swala twiga wa Samburu na Mkomazi, kwa mfano, ana shingo ndefu. Swala tomi hakupewa jina la namna hiyo. Hatuambiwi lolote kuhusu mstari mweusi wa ubavuni mwake wala mbio zake katika nyanda za Serengeti na Maasai Mara. Jina lake linarudi kwa Joseph Thomson, mpelelezi Mskoti aliyevuka nchi ya Wamasai mwaka 1883 na 1884. Mwaka huohuo wa 1884 mtaalamu wa wanyama Albert Günther alimpa swala huyu jina la kisayansi la thomsonii.

Ni rahisi kudhani kwamba tomi ni Thomson lililotamkwa Kiswahili. Sikubaliani. Kiswahili kikipokea jina la kigeni, kwa kawaida huliongezea irabu, hakilikati nusu. Shahidi ni swala granti: jina la James Grant, aliyesafiri na mpelelezi Speke, liliongezewa i tu. Kwa kanuni hiyo leo tungesema swala tomsoni. Yupo atakayesema kwamba Waswahili wenyewe wangeweza kulifupisha. Wangeweza, lakini ufupisho ulikuwapo tayari: wawindaji wa Kiingereza walimwita mnyama huyu Tommy, na Theodore Roosevelt, aliyewinda Afrika Mashariki mwaka 1909, analitumia jina hilo la utani katika kitabu chake cha 1910. Kwa hiyo naona tomi lilipokelewa kwa sikio, katika kambi za uwindaji, na wapagazi, wapishi na wabeba bunduki waliozungumza Kiswahili. Halikuchukuliwa vitabuni. Hao ndio walioliingiza katika lugha yetu, na wanastahili kutajwa kila historia ya jina hili inaposimuliwa.

Pingamizi zito zaidi ni la heshima. Mji wa Thomson's Falls nchini Kenya sasa unaitwa Nyahururu. Kwa nini swala abaki na jina la mgeni? Hoja hiyo ina uzito, kwani Wamasai waliishi na mnyama huyu muda mrefu kabla ya Thomson kufika. Lakini Kiswahili kilikulia pwani, mbali na nyanda hizo, na tomi limekwisha kuwa neno letu. Tulihifadhi. Watunga kamusi na waongoza watalii waeleze lilikotoka, na kando yake waandike jina la Kimasai.