Tarehe ya Davenport na Wanyoosha Uti wa Mgongo

Davenport ni mji wa jimbo la Iowa, ukingoni mwa mto Mississippi, ukitazamana na Rock Island ya upande wa Illinois. Daraja la kwanza la reli kuvuka mto huo lilijengwa hapo mwaka 1856, na tangu hapo mji ukawa njia panda ya watu wa kila namna, waganga wakiwemo. Enzi hizo Marekani udaktari ulikuwa bado haujawekewa uzio. Kulikuwa na waliotibu kwa maji, waliotibu kwa mitishamba, na waliodai kuwa mikono yao ina sumaku ya kuponya. Kati ya hao wa sumaku alikuwemo Daniel David Palmer, ambaye wafuasi wake humwita D.D. mpaka leo.

D.D. alizaliwa Pickering, Kanada, tarehe 7 Machi 1845, akaingia Marekani mwaka 1865. Alifundisha shule, akafuga nyuki, akauza miche ya matunda na samaki, na katika miaka ya 1880 akashika uganga. Davenport alikodi vyumba katika jengo lililoitwa Ryan Block, na humo humo alifanya kazi ya usafi Mmarekani mweusi, Harvey Lillard, aliyekuwa hasikii vizuri kwa miaka 17. D.D. alisimulia kwamba Lillard alimweleza jinsi alivyowahi kuinama mahali pa kubana, akahisi kitu kimeachia mgongoni, na usikivu ukapotea. D.D. akampapasa, akakuta pingili moja imetokeza, akaisukuma. Lillard akasikia. Tarehe inayotajwa ni 18 Septemba 1895.

Binti yake Lillard alilisimulia vingine. Kwa maneno yake, baba alikuwa akipiga soga na mwenzake, D.D. akapita, akafurahia kichekesho, akamtandika Lillard mgongoni kwa kitabu alichokuwa nacho mkononi. Siku chache baadaye Lillard akasema anasikia afadhali. Madaktari nao waliuliza swali ambalo kwa maoni yangu halijapata jibu la kuridhisha hata leo: mshipa wa fahamu wa kusikia unatoka sikioni na kuingia moja kwa moja kwenye ubongo, wala haupiti kwenye uti wa mgongo; sasa kusukuma pingili kumelizibuaje sikio?

D.D. hakukawia kwenye swali hilo. Mgonjwa wake, Mchungaji Samuel Weed, alimtafutia jina la Kigiriki lenye maana ya kazi ya mikono, na tiba ikaitwa kairopraktiki. Mwaka 1897 alifungua shule. Aliyoyafundisha aliyaandika baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1910: asilimia 95 ya maradhi yote chanzo chake ni pingili zilizoteguka, na yaliyobaki hutokana na viungo vingine kutoka mahali pake. Juu ya hayo aliweka imani kwamba ndani ya kila mtu imo Akili ya Asili, sehemu ya Akili Kuu inayoendesha ulimwengu, na kwamba Akili hiyo hupitisha amri zake kwenye mishipa ya fahamu. Pingili ikiteguka, njia inabanwa, mwili unaugua. Kazi ya tabibu ni kuifungua njia tu. Uponyaji si wake.

Hapo mwanzo mafunzo yalikuwa ya majuma au miezi michache. Na kuna jambo ambalo msomaji wa Kiafrika hawezi kulipita bila kusimama. Fani iliyojengwa juu ya mgongo wa Harvey Lillard iliwafungia mlango watu wa rangi yake: kwa miaka mingi shule ya Palmer haikupokea wanafunzi weusi. Jina lake lilisomwa katika kila darasa la historia, lakini mwanawe asingeruhusiwa kukaa katika darasa hilo. Hiyo ni aibu ya kudumu katika tarehe ya fani hii, na inafaa itajwe kila Lillard anapotajwa.

Ugomvi wa falsafa ulianza mapema. Solon Langworthy, aliyesoma kwa D.D., alifungua shule yake Cedar Rapids mwaka 1903, akaongeza vifaa vya kuvuta mgongo na tiba nyingine. John Howard naye alifungua shule mwaka 1906 hapo hapo Davenport, kisha mwaka 1908 akaihamishia Chicago, akitaka wanafunzi wake wajifunze mwili kama wanavyojifunza madaktari. Mwaka huo huo wa 1906, huko Oklahoma City, mwanasheria Willard Carver alianzisha ya kwake. Walioongeza maji, umeme, lishe na mazoezi wakaitwa wachanganyaji. Waliobaki na mikono na uti wa mgongo peke yake wakajiita wanyoofu. Majina hayo yamedumu, na hakuna mkutano wa fani hii ambamo hayajawahi kurushwa kama mawe.

Kiongozi wa wanyoofu hakuwa D.D. bali mwanawe, Bartlett Joshua, maarufu B.J., aliyezaliwa mwaka 1882. Mwaka 1906 baba alifungwa katika jela ya wilaya kwa kutibu bila leseni, na alipotoka aliuza sehemu yake ya shule kwa mwana, akaondoka Davenport kwa uchungu. Alijaribu kufungua shule Oklahoma na Oregon, akaandika maneno makali juu ya mwanawe, akafariki Los Angeles tarehe 20 Oktoba 1913. Homa ya matumbo ndiyo iliyoandikwa kuwa sababu. Lakini miezi michache nyuma alikuwa amerudi Davenport kwenye maandamano ya shule, na waliomsimamia urithi walidai mahakamani kwamba B.J. alimgonga kwa gari siku hiyo. Dai halikufika popote, ila nyumba ya Palmer haikupata amani tena juu yake.

Tukio lililoipa fani sura yake halikutokea shuleni, lilitokea mahakamani. Mwaka 1907, katika mji wa La Crosse, Wisconsin, alishitakiwa Shegataro Morikubo, mzaliwa wa Japani aliyehitimu kwa Palmer, kwa kosa la kufanya kazi ya osteopathia bila leseni. Osteopathia ilikuwa fani jirani, iliyoasisiwa Missouri na Andrew Taylor Still, nayo pia ilishughulika na mifupa na viungo kwa mikono. Mtu wa kawaida akiwatazama wawili hao kazini asingeona tofauti kubwa. Wakili wa Morikubo, Tom Morris, alielewa kwamba akibishana juu ya mikono atashindwa. Akabishana juu ya fikra. Alisema hii ni fani yenye sayansi yake na falsafa yake: mwana-osteopathia anashughulikia mtiririko wa damu, huyu anashughulikia mishipa ya fahamu. Kitabu alichokishika kuthibitisha hayo ni kile cha mwaka 1906 kilichoandikwa na Langworthy pamoja na wenzake wawili, yaani kitabu cha wapinzani wa Palmer. Baraza la wazee wa mahakama halikuchukua muda mrefu, likamwachia mshitakiwa huru.

B.J. aliondoka na funzo hilo akalishika maisha yake yote. Tangu hapo shule ya Davenport iliipandisha falsafa juu ya kila somo, na mwaka 1908 ikaanza kutoa shahada ya mwanafalsafa wa kairopraktiki. Chama alichokisimamia, kilichoundwa mwaka 1906, kilikuwa mfuko wa kesi: mwanachama akikamatwa, Morris na wenzake wanakwenda kumtetea. Wanachama walifundishwa hata kusema. Usiseme unapima ugonjwa, sema unachunguza uti wa mgongo. Usiseme unatibu, sema unarekebisha. Usitaje dawa kabisa. Naamini nusu ya mabishano yaliyokuja baadaye yamezaliwa hapa: utetezi wa wakili ukageuka imani ya fani, na vizazi vya wanafunzi vikafundishwa kwamba kupima ugonjwa si kazi yao, kwa sababu hapo zamani kulitamka neno hilo kulimpeleka mtu jela.

Na jela walikwenda kweli, kwa mamia. California walikuwapo waliokataa kulipa faini wakachagua kifungo, mpaka wapiga kura wenyewe walipopitisha sheria ya kuwatambua mwaka 1922. Kansas ilikuwa imetangulia kutunga sheria mwaka 1913. Louisiana ilifuata mwisho kabisa, mwaka 1974.

Mapema miaka ya 1920 shule ya Davenport, juu ya kilima cha mtaa wa Brady, ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 2,000. Kuta zake ziliandikwa misemo ya B.J. kila mahali. Ndani kulikuwa na mkusanyiko mkubwa wa mifupa ya uti wa mgongo, iliyopangwa ili mwanafunzi aone kwa macho jinsi pingili zinavyoungana, zinavyolika na kupinda. Mkewe B.J., Mabel Heath Palmer, alifundisha anatomia humo na kuandika kitabu chake. Kituo cha redio WOC kilirusha matangazo kutoka hapo hapo. Muasisi alikuwa amefariki, lakini kilima kile kilihesabiwa chemchemi ya fani nzima.

Kilichoivunja chemchemi hiyo ni chombo cha kupimia joto. Tayari mwaka 1910 B.J. alipoingiza eksirei, baadhi ya wanafunzi na walimu walitoka darasani, wakafungua shule nyingine mjini humo chini ya Joy Loban, kwa hoja kwamba mikono imeachwa kwa ajili ya mashine. Mwaka 1924 ikaja neurokalometa, kazi ya Dossa Evins. Ilikuwa na ncha mbili zilizopitishwa huku na huku ya uti wa mgongo. Tofauti ya joto kati ya upande mmoja na mwingine ilidaiwa kuonyesha mahali mshipa ulipobanwa. B.J. alitangaza kwamba bila chombo hiki hakuna anayeweza kufanya kazi hii kwa uaminifu. Wala hakukiuza. Alikikodisha, kwa zaidi ya dola 2,000 kila kimoja, na malipo ya kila mwezi juu yake.

Fikiria tabibu wa mji mdogo wa Nebraska au Ohio, aliyekwisha lala jela kwa ajili ya fani, kisha anaambiwa na kiongozi wake kwamba mikono yake haitoshi mpaka alipe. Watu walimwacha B.J. kwa maelfu. Walimu wake wanne wakuu, James Firth, Harry Vedder, Stephen Burich na Arthur Hendricks, waliondoka wakaanzisha chuo cha Lincoln mjini Indianapolis mwaka 1926. Chama kikamponyoka, akaunda kingine. Hawa wanne walikuwa wanyoofu kwa imani, hawakukosana naye kwa falsafa. Walikosana naye kwa sababu falsafa ilikuwa imefanywa kuwa mali ya mtu mmoja.

Baada ya hapo uzito ulihamia kwenye swali la masomo. Majimbo, kuanzia 1925, yalianza kudai mtihani wa sayansi za msingi kwa kila anayetaka kutibu, na wahitimu wengi wa kozi za miezi 18 walianguka. John Nugent, mkurugenzi wa elimu wa chama cha wachanganyaji, alizunguka vyuo akivifunga vidogo, akiviunganisha vingine, akidai miaka minne. Alichukiwa sana, hasa Davenport. Hata hivyo ndiye namhesabu kuwa mwokozi wa fani hii kuliko Palmer yeyote. Baraza la elimu ya kairopraktiki likaundwa mwaka 1947, na mwaka 1974 serikali ya Marekani ikalitambua. B.J. alifariki mwaka 1961. Mwanawe, David, akaiongoza shule kuelekea kiwango cha vyuo vingine.

Vita na madaktari vilikuwa bado. Chama cha madaktari cha Marekani kilikuwa na kamati maalumu, iliyoanzishwa mwaka 1963, ya kuikomesha fani hii. Chester Wilk wa Chicago na wenzake walikishitaki mwaka 1976, na mwaka 1987 Jaji Susan Getzendanner akaamua kwamba chama hicho kilivunja sheria ya ushindani kwa kuwasusia. Hakusema kwamba mafundisho ya D.D. ni kweli. Jambo hilo husahauliwa na wanaoitumia hukumu hiyo kama cheti.

Wanyoofu hawakutoweka. Chuo cha Sherman kilifunguliwa South Carolina mwaka 1973 na Thom Gelardi, na cha Life huko Georgia mwaka 1974 na Sid Williams, vyote vikirudisha pingili iliyoteguka katikati ya masomo. Mwaka 2002 Life kilinyang'anywa ithibati, na moja ya hoja ilikuwa jinsi wanafunzi wanavyofundishwa kupima maradhi. Mwaka uliofuata mahakama ikairudisha. Upande wa pili, msimamizi wa fani nchini Uingereza alitamka mwaka 2010 kwamba mteguko ule wa Palmer ni dhana ya kihistoria, na hakuna ushahidi kuwa ndio chanzo cha maradhi.

Utafiti wa leo umewapa wote sehemu ndogo kuliko waliyoidai. Kunyoosha mgongo kunawasaidia kiasi baadhi ya wenye maumivu ya kiuno. Kwamba kunatibu kisukari, pumu au uziwi, hakuna ushahidi wa kutegemewa. Na kuzungusha shingo kwa kasi kumehusishwa, kwa nadra, na kuchanika kwa mshipa wa damu uendao kwenye ubongo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2005: anayetaka kuwa tabibu kamili wa fani hii asome saa zisizopungua 4,200, zikiwemo 1,000 za kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Barani Afrika mafunzo hayo yanatolewa Durban na Johannesburg. Kwa hiyo wewe uliyeona kwenye simu jinsi shingo za watu zinavyoalishwa, na mgongo wako unakuuma, kabla hujalala kwenye kitanda cha mtu muulize mambo mawili: amesomea wapi na kwa muda gani, na ni maradhi gani akiyaona atakupeleka hospitali. Akikujibu kwamba hakuna ugonjwa unaoshinda uti wa mgongo, vaa viatu vyako uondoke.